Deni la Kujikinga

Akai, muuza samaki wakavu katika soko la Lodwar, hakukopa kwa sababu ya shida. Alikopa kwa sababu ya jamaa. Kwao aliye nacho huombwa, na anayeombwa hutoa. Kusema huna huku unazo ni aibu kubwa, na Akai, maskini, hakujua kudanganya. Kila alipoanza kuweka akiba ya mabati ya nyumba, jamaa walinusa.

Zamani kukopa kulikuwa kazi. Benki ilitaka hatimiliki, chama cha akina mama kilitaka wadhamini na kukuhoji mpaka ujute. Kisha masharti yakalegezwa, kila kampuni ikakopesha, na simu zikaanza kubembeleza watu wakope. Akai akaona mwanya. Akakopa, pesa zenyewe akazifukia kwenye debe la unga pamoja na akiba yake, akawa mdaiwa halali.

"Ejok, Akai," alisalimu binamu yake Esekon, akikaa bila kukaribishwa. "Nisaidie pesa ya mahindi kidogo tu."

"Ejok noi. Mimi nadaiwa, ndugu yangu. Soma mwenyewe."

Esekon akausoma ujumbe kwenye simu, akampa pole nyingi, akaenda zake. Akai akacheka moyoni. Riba aliiita mshahara wa askari. Deni likikaribia kwisha alikopa jingine upesi, asije akabaki wazi. Tena akaanza kujipendelea: shanga mpya, thamosi, hata redio, na kila aliyeuliza aliambiwa ni vya mkopo. Mabati yakazidi kusogea mbali.

Habari za deni lake zikafika Kaikor, kwa mama yake, Nakeno. Asubuhi moja mama akashuka kwenye lori, vumbi hadi kwenye kope, akafungua fundo la pesa kwenye shuka.

"Shika ulipe, mwanangu. Nimemuuza yule mbuzi wa maziwa."

Akai alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kuzipokea, akanyamaza, na mabati yakapatikana mchana uleule. Akaitazama midomo ya mama iliyokauka, akashindwa. Akalivuta debe, akazama ungani hadi kwenye kiwiko, akatoa zote, akasema yote.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo pesa unazo?"

"Ninazo, Mama."

"Basi nipe mbuzi wawili," alisema, akikunjua kiganja. "Mmoja wa yule niliyemuuza. Mmoja wa machozi niliyolia toka Kaikor."

Akai akahesabu bei ya mbuzi wawili, akamwekea mkononi. Mkono haukuondoka.

"Na nauli."