Santuri Iliyosifiwa kwa Kasi Isiyo Yake

Gernot Zschoche anauza santuri katika mtaa wa Plagwitz, mjini Leipzig, na hakuna kitu kinachomchosha kama santuri mpya.

"Mvua tena!" hulalamika. "Kila kijana mwenye kompyuta anarekodi mvua dirishani kwao, anaweka kengele ya kanisa juu yake, halafu ananiambia ni muziki wa giza. Na huyu kagonga pipa la chuma upande mzima. Mimi nimefanya kazi kiwandani. Chuma kikigongagonga hivi tulimwita fundi!"

Hasemi uongo. Ujana wake aliumalizia kwenye mashine za kusokota nyuzi za pamba, na masikio yake yalifunzwa na ngurumo ile. Kiwanda kilipofungwa, yeye na mkewe Sigrun walifungua duka la muziki aliouzoea: vinanda vya umeme, mashine za ngoma, na ile milio mirefu inayotanda chumbani kama ukungu wa mtoni.

Kila Ijumaa, siku ambayo santuri mpya hutoka, Gernot hufunga mapazia saa za alasiri. Wateja wa kudumu, wamevaa nyeusi hata wakati wa joto, huketi juu ya makreti, wanapewa kahawa na keki ya jibini, na wanasikiliza bila kusema neno. Sheria ni moja: Gernot asijue anasikiliza nini. Watu wa muziki huu wanajuana mno hapa mjini, na si rahisi kumkosoa mtu utakayekutana naye kwa muuza mikate kesho yake. Kwa hiyo Sigrun huficha majalada, hubandika karatasi nyeusi juu ya lebo na kuiweka santuri kwenye mashine. Gernot hushusha sindano tu. Kisha huandika maoni yake, Sigrun huyatia jina la santuri, na yanatoka katika safu yake kwenye jarida la kila mwezi, ambalo wapenzi wa muziki huu hulisoma kama wakulima wasomavyo habari za hali ya hewa.

Mwezi wa Machi ilichezwa santuri moja ambayo iliwanyamazisha hata waliokuwa wakitafuna. Vinanda vilijivuta kama mnyororo sakafuni. Sauti nzito, isiyo na haraka, ilipanda kutoka chini. Detlef, dereva mstaafu wa tramu ambaye hajawahi kukisifu kitu chochote kilichotengenezwa baada ya ujana wake, alivua miwani akaifuta.

"Mwanamume huyu," Gernot aliandika usiku ule, "anaimba kama mtu anayeizika nyumba yake mwenyewe. Hatutapata toleo bora kuliko hili mwaka huu."

Jarida lilipotoka, santuri ile ikaanza kutafutwa kama dawa. Ndipo Ijumaa moja, keki ikiwa inakatwa, akaingia mwanamke mwembamba aliyevaa koti la njano.

"Zschoche ni nani hapa?"

"Ni mimi. Kama umeleta mvua, iweke pale kwenye kreti."

"Nimemleta mwanamume wako." Akalitupa jarida mezani. "Ni mimi! Naitwa Wiebke Tamsen. Mzee, uliicheza kwa kasi gani?"

Santuri kubwa kama ile kwa kawaida huzunguka polepole, mara thelathini na tatu kwa dakika. Lakini wapo wanaozichonga zizunguke mara arobaini na tano, ili sauti itoke safi zaidi. Hao huandika kwenye lebo.

"Imeandikwa kwenye lebo!" alisema Wiebke.

"Mimi sisomi lebo."

"Na mimi siimbi mazishi! Ni nyimbo za kuamkia, za kuchemshia kahawa. Sasa watu wanaicheza polepole makusudi, kwa sababu wewe umesema. Pentekoste nimealikwa ukumbi mkubwa. Wanamngoja mtu wa makaburini. Nikipanda na sauti yangu hii, si watanizomea? Andika kwamba ulikosea."

Gernot akamgeukia mkewe. "Sigrun! Si wewe uliyebandika karatasi?"

"Nilibandika kama ulivyoniagiza. Uliniambia nisikwambie lolote, hata duka likishika moto."

"Mimi bado naipenda ile ya polepole," alisema Detlef.

"Babu, hebu nyamaza kwanza."

"Nimestaafu, binti, sijafa."

Gernot alishika kichwa. Katika miaka yote ya safu yake alikuwa hajawahi kufuta hata sentensi moja, na jambo hilo hulitaja kila anapopata nafasi. "Maji yakishamwagika hayazoleki," alisema.

"Basi piga deki!"

Sigrun alicheka hadi akaweka kisu chini. Kisha akaitoa santuri, safari hii lebo ikiwa wazi, na akageuza swichi ya kasi mwenyewe.

Muziki ukaruka. Vinanda vilivyokuwa vikijivuta sasa vilidunda kama mpira ngazini, na sauti ikawa ya mwanamke, nyepesi, iliyokaribia kucheka. Sigrun alianza kutikisa mabega, sinia la keki mkononi. Gernot alikaa na uso wa mtu aliyetafuna limau.

"Rudia," alisema. Baadaye tena: "Rudia."

Hatimaye akasema, "Siipendi sana. Ile ya polepole ilikuwa bora."

"Ile ya polepole haipo," alijibu Wiebke, na sasa hakupaza sauti. "Hakuna aliyeitengeneza. Mimi nilitengeneza hii."

Gernot akaomba kalamu, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Toleo lililofuata la jarida lilitoka kabla ya Pentekoste. "Niliisifu santuri isiyokuwepo," aliandika. "Iliyopo ni ya Wiebke Tamsen, na huchezwa kwa arobaini na tano. Ina furaha, nami sipendi furaha. Hata hivyo nimeicheza mara nyingi kuliko inavyonipasa, na mke wangu amevunja sinia."

"Ndiyo hayo tu?" Wiebke aliuliza kwa simu.

"Ndiyo hayo tu."

"Haya. Yanatosha."

Ukumbini, siku yenyewe, wengi walikunja mikono wakati wa wimbo wa kwanza. Lakini Wiebke alipoanza kuimba hakuna aliyemtafuta mwanamume nyuma yake, na kufikia wimbo wa tatu mikono mingi ilikuwa imekunjuka. Detlef alinunua santuri mbili, moja ya kucheza mbio na moja ya kucheza polepole, na Wiebke alimtilia saini moja tu.

Sheria ya Ijumaa ipo mpaka leo. Majalada yanafichwa, lebo inabandikwa karatasi. Ila kabla sindano haijashuka, Sigrun hupaza sauti, "Thelathini na tatu!"

"Nimesikia!" hufoka Gernot, na mvua huanza kunyesha kwenye spika.