Nimeitwa Udaktari, Ng'ombe Wameshapanga Foleni

Jamani, NIMEITWA UDAKTARI!

Ndiyo, mimi yule niliyerudia kidato cha nne mkanicheka. Mwalimu alipiga hesabu ya pointi zangu, akaniambia nijaze ualimu kwenye fomu ya chuo kikuu, udaktari nisahau. Nikajaza udaktari.

Leo nimeona jibu la chuo kwenye saiba, duka la intaneti hapa Garsen, nikampigia Baba malishoni. Alipiga kelele kunishinda!

Nafika nyumbani, nakuta ng'ombe watatu wamefungwa mlangoni.

Wagonjwa!

Kumbe Baba ameshawatangazia wafugaji wote kisimani kwamba mwanawe ni daktari.

"Baba, huu ni udaktari wa watu."

Baba, aliyesimama kando yao, alinitazama. Hata ng'ombe walinitazama.

Kisha akakaa chini, akanyoosha mguu. "Basi anza na goti hili. Mwaka mzima nimechunga peke yangu ili urudie mtihani."

Nimelikanda huku nalia.

Haya, nani mwingine anaumwa?