Fungu la Tatu

Mimi si mtu wa kutembea kwa kupenda. Nilipokuwa kwetu Tanga nilitembea kwa sababu nilikuwa na ninakokwenda, na nikifika nilikaa. Kwa hiyo nilipowaona Waswidi wakipanda treni Jumamosi asubuhi na mikoba mgongoni, wakienda kuzunguka msituni kwenye theluji, nilisema hawa watu shida imewakosa, sasa wanaitafuta wenyewe. Sikujua kwamba msimu mmoja wa baridi, katikati ya miaka ya sabini, na mimi ningekuwa ndani ya treni hiyo hiyo, nimechoka kuliko wote.

Aliyenitoa nyumbani ni rafiki yangu Mganda. Alikaa Tumba, mimi nilikaa Hallonbergen, na kati yetu mji mzima. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Alikuwa ametangulia kukimbia Kampala, mumewe akabaki amalize mambo yake halafu amfuate. Majani yalipoanza kugeuka rangi, akaja jamaa yao mmoja kupitia Nairobi na habari: askari walimchukua yule mume ofisini, mchana kweupe, wakamtia kwenye buti la gari. Miaka ile kila Mganda alijua maana ya buti la gari. Lakini maiti haikuonekana, kaburi halikuonekana, na rafiki yangu akashikilia kwamba mume wake yuko njiani.

Wanawake wa Kiislamu tuliojua Kiswahili tulikuwa wachache, na tulikutana Jakobsberg kwa mama mmoja wa Pangani, mkubwa wetu. Siku ya Idi rafiki yangu alipakua sahani ya pilau, akaifunika, akaiweka pembeni. Tukamwuliza ya nani. Akasema ya mume wake. Yule mama akasema kwa upole, "Mwanangu, asiyekuwapo na lake halipo." Rafiki yangu alivaa koti, akaichukua sahani yake na kuondoka nayo kwenye treni.

Baada ya hapo wakubwa wakakata shauri kwamba lazima akae eda kama mjane mwingine yeyote, tumsomee marehemu, tumlilie, yaishe. Jumamosi ndiyo siku tuliyokuwa na nafasi. Wakaenda Tumba na masufuria yao, wakakuta mlango umefungwa. Wakaenda tena, umefungwa. Mama wa Pangani akanigeukia mimi. "Wewe mnasikilizana. Nenda ukamkalishe."

Nikaenda mapema, hata jua halijatoka. Nilimkuta jukwaani kituoni, amevaa buti za kiume na kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Mswidi mmoja wa kazini kwao alikuwa amempa ramani na kumweleza kwamba kuna njia mpya ya miguu, ndefu mno, imetiwa alama za rangi ya chungwa kwenye miti, inapita migongoni mwa vilima kusini mwa mji. Watu huitembea kipande kipande, wiki hii wanaishia hapa, wiki ijayo wanaanzia hapo hapo.

"Nyabo," akaniambia, yaani mama kwa Kiganda, "hawa wamama wanataka mimi nikae. Sasa mimi nikiwa natembea, nani atanikalisha?"

Nilipanda treni nimweleze njiani. Tulishuka sijamweleza.

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kuwainua, kuwaogesha, kuwageuza kitandani, na kufikia Ijumaa mgongo wangu ulikuwa haufai. Jumamosi nikaufungia mkoba na kuupandisha vilimani. Nilikuwa na soksi jozi tatu na vidole bado vilikuwa vya mtu mwingine. Njia ilipanda kwenye mawe yaliyoganda, ikafuata mgongo wa kilima kwa muda mrefu, huku na huku miti mitupu na chini ziwa jeupe, halafu ikashuka ili ipande tena. Nilikuwa nikijiuliza aliyeichora alikosewa nini na watu. Na saa za mwanga zilikuwa haba, ukichelewa kidogo tu alama za miti huzioni.

Yeye alikuwa mbele siku zote. Alikuwa mwembamba, na wiki kwa wiki akazidi kuwa mwembamba, lakini alitembea kama anayefukuzwa. Nikimwona amesimama juu ya mwamba ananingoja, nilikuwa nampigia kelele, "Aliye juu mngoje chini!" Alicheka, nami nikafurahi kwamba amecheka, halafu akageuka akaendelea.

Mchana tulikaa juu ya gogo kula. Sisemi kukaa kwa maana ya kupumzika, tulipachika makalio tu, maana baridi haikuruhusu. Alimimina chai kutoka kwenye chupa, akafungua kitambaa, na ndani yake kila mara kulikuwa na mafungu matatu ya chapati, kila moja limefungwa peke yake. Langu, lake, na la tatu. La tatu hakulifungua. Tulipomaliza alilirudisha mkobani, tukaondoka nalo. Alilifanyia nini nyumbani sikumwuliza.

Kila mara nilipoliona fungu lile maneno niliyotumwa yalinijia mdomoni. Mume wako amekufa, dada. Kaa, tumlilie pamoja. Nikimtazama uso nikayameza na chai. Jakobsberg wakiniuliza nilisema bado, na mama wa Pangani akaniambia nimekwenda kuvua nikawa samaki. Nilikasirika, kwa sababu ni kweli. Nilimpenda yule mwanamke, na nilikuwa nimechoka naye, na nilichoka zaidi na huyo mume niliyekuwa nikimbebea chakula milimani wala sijapata kumwona.

Mwezi wa tatu theluji ilianza kuoza. Juu inang'aa, chini maji. Siku hiyo nilikuwa nimetoka zamu moja kwa moja, sijalala, na chai tu tumboni. Tulikula mapema, chapati moja moja, tukapanda mgongo mrefu kuliko yote tuliyopata kupanda. Karibu na kilele mguu wangu ukazama mpaka gotini, buti ikajaa maji ya barafu. Nikautoa. Ukazama wa pili. Nikautoa huo pia, nikajikuta nimeketi kwenye theluji, na kila nikiiambia miguu inuka, haikuinuka.

"Simama," akasema. "Jua linakwenda."

"Nenda, dada. Mimi siwezi."

"Simama, bambi," akanibembeleza kwa Kiganda.

"Siwezi. Nina njaa, nimechoka, siwezi." Nikaanza kulia, si kwa ajili ya marehemu wa mtu, kwa ajili ya miguu yangu.

Alisimama akinitazama. Alitazama mbele, kule njia ilikokwenda, na alama ya rangi kwenye mti wa mbele. Kisha akavua mkoba, akatoa kitambaa, akatoa lile fungu la tatu. Alilishika muda. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, fundo likamshinda, akalifungua kwa meno. Akazikunja chapati, akaniwekea mkononi.

"Kula."

"Hizi si zangu."

"Kula, nyabo. Yeye hapana kuja." Akavuta pumzi, kisha akayasema maneno ya mama wa Pangani ya siku ile ya Idi, polepole, kwa Kiswahili chake cha Kampala: "Asiyekuwapo, na yake hapana."

Halafu akakaa. Hakupachika makalio kama siku zote. Alikaa chini kabisa kwenye theluji karibu yangu, miguu ameinyoosha mbele, bega lake kwenye bega langu.

"Kesho waambie wamama waje Tumba Jumamosi," akasema. "Watanikuta."

Chapati zilikuwa ngumu kwa baridi na zilikuwa na ladha ya chumvi, sijui ya unga au ya machozi yangu. Nilizila zote, fungu la mume wake, naye akinitazama mpaka nikamaliza.