Mayai ya Dagaa wa Mtoni

Bibi yangu Somoe alikufa akiwa hamwitikii salamu mtu yeyote aliyevaa kaptura ya kaki, nami simlaumu. Mzungu wa kaptura hiyo mwenyewe sikuwahi kumwona, lakini namchukia vilevile.

Kila maji ya bahari yalipoanza kutoka, Bibi na wifi yake Hamisa waliingia kwenye mikoko ya Mtoni, wakashika kaniki huku na huku kama wavu, wakatanda dagaa. Bibi hakuwa na mume wala shamba. Visamaki hivyo, vyenye mstari mweupe ubavuni, ndivyo vilivyomlea baba yangu.

Mwaka 1951 akaja mzungu wa idara ya samaki na karani wake, Alfonsi. Mzungu alichungulia ndoo ya Bibi, akang'aka.

"Anasema hawa ni watoto wa mwatiko," Alfonsi akatafsiri. "Mnawamaliza kabla hawajakua. Marufuku kutanda hapa."

"Mwambie ana wazimu," Bibi akasema.

"Siwezi, mama."

"Basi mwambie hajui samaki."

Hilo Alfonsi alilitafsiri. Mzungu akacheka kama aliyesikia mbuzi akihesabu, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Bibi. Angenyamaza, wangerudi zao mjini, naye angetanda kwa kificho kama wenzake. Lakini kudharauliwa hakukuweza. Akachukua dagaa mmoja, akampasua tumbo kwa ukucha, akamsogezea mzungu puani. Tumbo lilijaa mayai ya manjano.

"Mtoto gani huyu mwenye mimba? Muulize! Hawa ndio wakubwa. Mwatiko huzaa huko bahari kuu. Hawa huzaa hapahapa, kwenye mizizi hii, maji ya mto yanapokutana na ya chumvi. Hawana kwingine."

Kicheko kikakatika. Mzungu akatoa kioo cha kukuzia, akapasua wengine watano, akaandika. Akataka kuonyeshwa mahali penyewe. Bibi, kichwa kimemvimba, akamtembeza matopeni mkoko kwa mkoko. Mzungu akampa mkono. Jioni hiyo Bibi alitamba mtaa mzima.

Baada ya wiki mbili vikachomekwa vigingi vyenye bati jekundu. Alfonsi akasoma tangazo bila kumtazama Bibi: "Mazalia ya dagaa. Ni marufuku kuingia, mwaka mzima."

"Lakini si nilimshinda?" Bibi akauliza.

"Ulimshinda, mama. Ndiyo maana vigingi vimewekwa palepale ulipomwonyesha."