Leo mbunge ametazama chini mbele ya Rehema

Jamani, leo nimemwona mbunge mzima akitazama chini mbele ya msichana wetu.

Mpwa wangu Rehema mnamjua. Alitoka Tanga kuja kusomea unesi hapa London. Amemaliza, chuo kimefungwa, na cheti chake hakuna hospitali inayokitambua.

Nikamwambia, "Twende kwa mbunge. Yule ni mtu wangu, kampeni yake nimeibeba mimi."

(Sawa, nilimshikia mwavuli. Lakini upepo wa siku ile hapa mtaani kwetu Edmonton ulikuwa unahamisha mabasi!)

Tukamkuta maktaba, anaposikiliza watu wa mtaa. Hakunikumbuka. Hilo nikalimeza.

Rehema akaeleza yote. Mbunge akasema anapigania sheria ya kuwabana wanaouzia watu masomo ya uongo.

"Ukija bungeni kusimulia haya, itapita. Hayatamkuta mwingine."

Rehema akauliza, "Na mimi, itanisaidia nini?"

Hapo ndipo mbunge alipotazama meza. "Wewe, hapana. Sheria haitarudi nyuma kwa waliokwisha kutapeliwa."

Nilitaka kufoka, nyinyi mnanijua nikifoka. Rehema akanishika mkono. "Mjomba, acha." Akamgeukia mbunge: "Nitakuja. Kwetu wako wenzangu wanajiandaa kusafiri kuja kusoma huku."

Sasa tuko kwenye basi. Amegeukia dirishani, mabega yanatetemeka.

Na simu yangu inaita. Ni dada yangu, mama yake, anataka kujua mbunge kasemaje.

Sijapokea. Nyinyi mngemwambia nini?