Udongo wa Kichuguu Chini ya Mkeka wa Kriketi

Mpira wa kwanza ulipita kando ya sikio langu ukivuma. Wa pili ukanigonga bega.

Wa tatu niliuona ukinijia usoni, na hapo ndipo nilipoamini kwamba Nzuki ameamua kuniua.

Huu ni mwaka wa 1979. Najua mtauliza, "Kriketi? Makueni?" Ndiyo, Makueni. Kiwanda cha pamba nilichofanya kazi, karibu na Kasikeu, kilikuwa na timu, na mimi Muthama ndiye niliyekuwa mpigaji wa kwanza kuingia.

Uwanja wetu ulikuwa vumbi tupu. Katikati tulikuwa na kipande cha murram kilichoshindiliwa, na siku ya mechi kinatandikwa mkeka mrefu wa makumbi ya nazi na kupigiliwa misumari. Mpira unadunda hapo, halafu unakujia. Ardhi ya chini ikiwa laini, mpira unakuja polepole. Ikiwa ngumu, omba Mungu wako. Siku hizo helmeti hatukuwa nazo.

Kazi ya ardhi na mkeka ilikuwa ya Nzuki. Tulikua pamoja, na yeye pia alikuwa mpigaji.

Sasa sikiliza. Ukame ulikuwa umemaliza pamba na kiwanda kilikuwa kinapunguza watu. Ndipo tukasikia timu ya kampuni moja ya Nairobi inakuja Jumamosi, na meneja wao anatafuta mpigaji. Atakayempendeza anapewa kazi Nairobi, na nyumba juu yake.

Nafasi ni moja, watu walisema. Mimi na Nzuki tukaacha kuchekeana.

Alhamisi saa saba mchana, watu wakila, nikamwona. Amekunja mkeka, amebeba gunia la udongo mwekundu. Udongo wa kichuguu. Anamwaga, anatia maji, anashindilia kwa kigogo, na midomo inamcheza.

Anaongea na nani?

"Nzuki, unafanya nini?"

"Naziba mashimo tu."

Hakuniangalia. Na mimi nilikuwa nimepita hapo asubuhi, hapakuwa na hata shimo la siafu.

Nyumbani nikamwambia mke wangu, Mbula. Mbula ni mtu wa kanisa, maneno ya uganga hataki kuyasikia. Lakini siku hiyo aliacha kuchagua pojo akanikazia macho.

"Udongo wa kichuguu, ule wa waganga? Na alikuwa anaongea peke yake?"

"Peke yake."

"Baba Ndinda, kwa huyo mtu usile. Hata maji usinywe."

Usingizi ukaniruka siku mbili.

Jumamosi ikafika. Kapteni wetu alikuwa Gicheru, karani mkuu, mtu wa Murang'a. Huyu alikuwa akisikiliza mechi za Test, zile za mataifa, kwenye redio, halafu anatusimulia utadhani alikuwa uwanjani. "Wale wapigaji wakubwa, kule Australia mpira ukiruka kifuani hawakimbii. Wanarudi nyuma hatua moja na kusimama wima." Lakini hayo yalikuwa ya kusimulia. Siku hiyo alikuwa ameagiza ardhi iwe laini, ili wageni wasituumize.

Mpira wa kwanza uliponipita sikioni, nilimsikia kutoka kando ya uwanja.

"Huu uwanja umefanywa nini? Nani ameuharibu?"

Mimi nilijua nani.

Mrushaji wao alikuwa mrefu kama mlingoti. Wenzangu wanne walitolewa mbio mbio, mmoja akishika mbavu. Mimi nilibaki. Nilirudi nyuma hatua moja, nikasimama wima, na kila mpira ulioruka nikauchapa kwa hasira. Nilikuwa namchapa Nzuki, kwa kweli. Nilipofika rani, yaani alama, arobaini, begani nilikuwa nimevimba na watu walikuwa wanapiga mayowe.

Halafu akaingia Nzuki mwenyewe, tupige pamoja, yeye upande ule na mimi huku.

Akanikaribia akitabasamu. "Uko sawa. Endelea hivyo hivyo."

Ananicheka! Damu ikanichemka.

Mnaojua kriketi mnaelewa: wapigaji wawili hukimbia pamoja wakibadilishana ncha. Mmoja akiita, mwenzake anaamini na kukimbia. Mpira ukigonga vijiti vya ncha yako kabla hujafika, umetolewa.

Mpira uliofuata niliusukuma karibu tu. Nikaita, "Njoo!"

Nzuki akachomoka. Mimi nikapiga hatua mbili nikasimama. Alipofika katikati nikapaza sauti, "Rudi!"

Angerudi wapi? Walirusha mpira kwenye ncha yake, vijiti vikaanguka. Ametolewa bila rani hata moja. Alinitazama kidogo, akatia bati lake la kupigia kwapani, akaondoka.

Mimi nilimaliza na themanini na tatu, sikutolewa.

Meneja wa Nairobi akaja kunishika mkono. "Wewe tunakuchukua. Kwa uwanja mkali kama huu, sijaona kitu kama hicho hapa. Pole tu kwa yule mwenzako wa mkeka. Tulikuwa na nafasi mbili, na yeye ndiye tuliambiwa tumwangalie. Lakini hatukuona kitu."

Nafasi mbili.

Nilimkuta Nzuki aking'oa misumari.

"Ule udongo ulikuwa wa nini?"

"Asi! Muthama, wewe si Mkamba? Mama yako alikuwa anasiliba uwanja wa kupuria mtama kwa udongo gani? Udongo wa kichuguu ukikauka ni simiti."

"Lakini kwa nini?"

"Gicheru alitaka laini. Mpira ukikaa chini, wewe unatolewa kila Jumamosi. Ukiruka, hakuna mtu anakuweza, kwa sababu sisi tulijifunzia juu ya mwamba na mpira wa raba. Nikasema wacha nikutengenezee mwamba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemwambia Mbula. Na Gicheru angenifuta."

"Na kule kuongea peke yako?"

Akacheka kwa aibu. "Nilikuwa naomba mvua isinyeshe mpaka Jumamosi. Na ukame huu wote! Mungu anisamehe."

Nilitaka ardhi inimeze.

Kisha akauliza polepole, bila kuniangalia. "Ile rani uliniita. Hukuniona?"

"Jua lilinipiga machoni," nikasema.

Akang'oa msumari mwingine. "Sawa. Jua lilikuwa kali."

Lakini jua lilikuwa mgongoni kwangu. Nzuki alijua, kwa sababu yeye ndiye alikuwa akikimbia akilitazama.

Nilienda Nairobi. Mwezi uliofuata kiwanda kikatoa orodha ya waliofutwa, na jina lake lilikuwemo. Akahamia Mwingi, na tangu hapo sijui habari zake.

Ndugu zangu, ukimshuku mtu, muulize mara ya pili. Mimi niliuliza mara moja, na jibu lingine nikajitungia mwenyewe.

Nzuki, kama unasoma hii, au mtoto wako anakusomea: nilikuona vizuri sana.