Namwonea Wivu Mdogo Wangu, Viazi Vyake Nimewalisha Nguruwe

Mwizi wa viazi vya mdogo wangu ni mimi. Sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye kitubio nililizunguka jambo hili, nikasema tu kwamba nina hasira nyumbani, padri akanipa sala nikatoka. Nina miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, matokeo hayakunipeleka mbele, basi niko hapa Malangali, Sumbawanga, na mama. Jina langu naomba mlifiche. Mdogo wangu nitamwita Tekla, ingawa siyo jina lake.

Tekla ni mtoto wa mama mdogo. Mama yake alipofariki tulimchukua kutoka kijijini kwao Mwazye, tukawa tunalala kitanda kimoja, na kweli nilimpenda. Lakini Tekla anaongea na kila mtu. Akienda kuteka maji anarudi na marafiki. Mimi nikisalimiwa na mgeni natazama chini. Mama ana meza ya viazi na mboga sokoni, na kwa kuwa siku hizi biashara imekuwa ruksa kwa kila mtu, anataka kwenda kufuata mitumba Tunduma na meza amwachie mmoja wetu. Nilidhani ni mimi, maana mimi ndiye niliyemfanya aitwe mama. Akanicheka. "Mwanangu, wewe unaongea na viatu vyako. Mteja atanunua kwa nani?" Kisha akatugawia bustani ya bondeni, kila mmoja upande wake, akasema atakayevuna vizuri ndiye atakayekaa mezani.

Nililima kwa bidii, Mungu anajua. Ila viazi vya Tekla vilistawi kuliko vyangu, na kila aliyepita njiani alisimama upande wake. Mama akamnunulia kitenge. Nikavumilia. Kilichonimaliza ni siku moja jioni tukimenya maharage, Tekla alisema, "Mama, chumvi imekwisha." Siku zote alikuwa akimwita mama mkubwa. Na mama akaitika kama kawaida, hata hakuinua kichwa. Nilihisi kama nimetolewa ndani ya nyumba na mlango ukafungwa.

Jumamosi iliyofuata, Tekla akiwa mazoezi ya kwaya, nilishuka bondeni nikachimba viazi vyake vikubwa. Sikula hata kimoja. Niliwamwagia nguruwe wa jirani. Wiki nyingine nikarudia, na nyingine tena.

Sasa huku kwetu Ufipa tunalima kwa ntumba, yaani vichuguu vya udongo vyenye majani yaliyofukiwa ndani yaoze. Mama alitufundisha kwamba ukitaka viazi vichache hung'oi shina. Unapapasa kwa pembeni, unatoa vikubwa, unaacha vidogo, unarudisha udongo na kutandaza majani juu ili baridi isiingie. Mimi nilikuwa naiba, lakini mikono yangu ilifanya vile vile ilivyozoea. Kuacha ntumba wazi sikuweza.

Siku mama alipogundua kwamba viazi vinaibwa, alituita wote wawili bondeni. Jirani yetu wa bustani, Mama Desi, alikuwepo. "Mimi nasema ni ng'ombe wa hao wafugaji waliohamia juzi," alisema.

"Ng'ombe gani anafukia, Mama Desi?" mama akamjibu. Akapiga magoti, akafunua majani. "Mwizi wa mjini anang'oa shina zima anakimbia. Huyu kaacha vidogo, kafukia, kafunika. Hivi ndivyo marehemu mama yangu alivyonifundisha, nami nimewafundisha watu wawili tu."

Mama Desi akacheka. "Loo! Mwizi mwenye huruma!"

Nilijua nimekwisha. Lakini mama hata hakunitazama. "Huyu wangu kuomba chumvi kwa jirani anaogopa, ndiyo aibe? Tekla, ni wewe. Umeanza kuwauzia watu wa malori kisirisiri. Ungeniomba, ningekunyima?"

Tekla alinitazama, nikatazama viatu vyangu. Akasema, "Mama mkubwa, si mimi." Neno lile nililolitaka lirudi lilirudi pale, na nikakaa kimya.

Mama ameagiza Mwazye, baba yake Tekla aje kumchukua akimaliza kupura ulezi. Huko hakuna anayemsubiri. Baba yake ameoa mke mwingine, na huyo mke ameshasema hana nafasi ya mtoto wa mwenzake. Meza nimepewa mimi. Nakaa sokoni, na wateja wananiuliza, "Yule binti mchangamfu yuko wapi?" Nawachukia wakiuliza. Dada na kaka zangu, niwaambie ukweli, wivu haujaisha. Nikimwona anakunja kile kitenge chake naumia kwa ajili yake, na dakika hiyo hiyo nafurahi kwamba anaondoka, kisha najiogopa mwenyewe. Juzi aliniambia, "Dada, nikiondoka usisahau kumwagilia upande wangu, vidogo vimebaki vingi." Sikujua kama ananiomba au ananiambia kwamba anajua. Nikasema sawa.

Nikimwambia mama, ataniona mwizi na mwongo, na labda Tekla ndiye atakuwa mwanae kabisa, mimi nibaki mgeni. Nikinyamaza, anarudishwa kwa mama wa kambo kwa kosa langu. Nipeni neno, wenzangu. Nianzie wapi, kwa mama au kwa Tekla? Andikeni upesi, maana ulezi mwaka huu umekauka mapema.

Na ninyi mnaosoma mkiwa hapa hapa Sumbawanga, nawaomba sana, mkienda sokoni kununua viazi mkamkuta mama amekaa badala yangu, nunueni mwondoke. Msimwambie. Niacheni nimwambie mwenyewe.